Magoli ya ndondo hayana karatasi

Barua za safari hii zimetoka karibu zote ukanda wa korosho, na nyingi zinazunguka jambo moja: straika anatokaje Kusini?

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, mshambuliaji. Kwenye ndondo, mashindano ya mtaani ya hapa kwetu, ndiye aliyeongoza kwa magoli. Amekuja mtu kutoka Dar, anasema ni wakala na ana klabu Uturuki inayomtaka. Anataka milioni nne za viza na tiketi. Korosho zangu ziko ghalani zinasubiri mnada. Nikilipwa nimpe? — *Mzazi, Tandahimba*

JIBU: Usimpe, mzee wetu. Hata kama huyo bwana si tapeli, anachokuuzia hakipo. Ibara ya 19 ya kanuni za usajili za FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni michache. Mmoja ni wazazi wenyewe kuhama nchi kwa sababu zisizohusu mpira. Mwingine kwenu una maana kuliko kwa mtu wa Dodoma: kijana anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya ng'ambo iliyo ndani ya kilomita 50 za mpaka huohuo, mradi aendelee kuishi nyumbani, kati ya nyumba na klabu pasizidi kilomita 100, na vyama vya soka vya nchi zote mbili viridhie. Yaani kisheria kijana wa kando ya Ruvuma anaweza kuchezea timu ya Msumbiji. Uturuki haimo.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake unalitafuta kwenye tovuti ya FIFA kwa dakika mbili. Mkataba wake na mchezaji hauzidi miaka 2, na kwa mtoto lazima mzazi aridhie kwa maandishi. Ujira wake hutokana na mkataba ambao mchezaji ameshaupata. Anayedai hela kabla ya mkataba anaishi kwa nauli za wazazi. Akikuletea barua ya mwaliko, itaje tarehe za majaribio, na nani analipia malazi na matibabu. Halafu uipigie simu klabu kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, si ile iliyochapwa kwenye barua.

Hela ya korosho ifanyie kazi ndogo iliyo karibu. Mpatie kijana cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), majina yote matatu yaandikwe kama yalivyo shuleni. Herufi moja tu ikitofautiana, usajili unakwama. Kisha aingie klabu iliyosajiliwa, na acheze UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Magoli ya ndondo ni matamu, lakini hayana ripoti ya mwamuzi, na kwa klabu ya mbali ni kama hayakufungwa. Mbwana Samatta hakurukia Ulaya. Alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akakaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 akiwa mfungaji bora kwa magoli 7, ndipo Genk ya Ubelgiji wakamchukua Januari 2016. Na ngazi si lazima ianzie Dar: Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

SWALI: Shikamooni kaka zangu. Mtaani nafunga kila mechi. Nimefanya majaribio timu mbili za ligi, kote sikuugusa mpira mara tano. Nakosea wapi? — *Namba tisa, Mikindani*

JIBU: Marahaba. Beki wa mtaani huangalia mpira. Beki wa ligi anakuangalia wewe, na mpira anauona kwa pembeni. Ukisimama mbele yake ukipiga kelele "nipe, nipe", umemrahisishia kazi.

Simama nyuma ya bega lake lililo mbali na mpira, mahali ambapo akitaka kukuona ni lazima ageuze shingo na kuupoteza mpira. Winga akiwa nao pembeni, tembea hatua mbili tatu kuelekea nguzo ya mbali, polepole, beki akufuate. Winga akishainua macho na kuinamisha tena kichwa ili apige, hapo ndipo ukate kwa kasi kwenda nguzo ya karibu. Beki uzito wake bado uko kwenye mguu mwingine. Nusu hatua hiyo inakutosha. Kosa la wengi ni kuondoka winga anapopokea tu. Unafika mapema, unasimama, beki anakukuta umesimama.

Kuotea nako kunawaonea wasioijua sheria. Mwamuzi anaangalia ulikuwa wapi mwenzako *alipougusa* mpira kukupa, si ulipoupokea. Mikono haihesabiwi. Na ukiupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au goli kiki, hakuna kuotea, kwa hiyo mwenzako akirusha mpira unaweza kusimama nyuma ya mabeki wote.

Upigaji ufanyie kazi mara tatu kwa wiki. Goli lina upana wa mita 7.32. Simika fito mbili ndani ya goli, kila moja mita moja kutoka kwenye nguzo, halafu piga kati ya fito na nguzo: mipira 40, yote kutoka ndani ya boksi, 20 kwa kila mguu, mguso mmoja au miwili basi. Hesabu inayoingia na uandike. Miguu ikichoka acha, maana kuanzia hapo unajifunza kupiga vibaya. Mashuti ya mita 30 yanapendeza watazamaji, ila magoli mengi yanapatikana boksini.

Jambo la mwisho ambalo makocha hulitazama, vijana hawalijui: ukipoteza mpira, sekunde tano zinazofuata unafanya nini? Anayeshika kiuno jina lake hukatwa.

SWALI: Msuli wa nyuma ya paja unanikamata kila ikifika dakika ya 60. — *Winga, Nachingwea*

JIBU: Mara nyingi ni msuli dhaifu uliochoshwa na mbio za kasi. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, shuka mbele polepole ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, ukijizuia kwa msuli huo. Ukishindwa, pokea kwa mikono. Wiki ya kwanza siku moja tu, awamu 2 za mara 5. Wiki ya pili siku mbili, awamu 2 za mara 6. Ongeza taratibu hadi siku tatu zenye awamu 3 za mara 8 hadi 10. Zoezi hili hupunguza majeraha ya msuli huo kwa takriban nusu, lakini utaumwa mwanzoni, kwa hiyo usilifanye siku moja kabla ya mechi. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopungua, kunywa lita moja na nusu kidogokidogo hadi usiku. Msuli ukivutika, siku ile weka barafu. Dawa za moto na kukandwa havifai.

SWALI: Klabu haijanilipa miezi mitatu. Nikiondoka kambini wanasema nimetoroka. — *Mshambuliaji, Lindi mjini*

JIBU: Usiondoke bila barua. Kanuni ya FIFA inasema mishahara miwili ya mwezi isipolipwa kwa wakati wake una haki ya kuvunja mkataba, *baada ya* kuiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa deni lote. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, tuma kwa baruapepe ya klabu. Siku 15 zote hudhuria mazoezi. Zikiisha, andika barua ya pili ya kuvunja mkataba, kisha peleka madai TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Anayeondoka kwanza ndipo aandike huishia kudaiwa yeye.

SWALI: Nina miaka 24. Nimechelewa? — *Masasi*

JIBU: Kwa Ulaya, ni vigumu. Kwa mpira wenyewe, hapana: Jamie Vardy alicheza Ligi Kuu ya Uingereza kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 27.

SWALI: Nafundisha watoto. Mmoja akiuzwa nje siku moja, sisi tunapata chochote? — *Kocha, Newala*

JIBU: Mkiwa klabu iliyosajiliwa, ndiyo. Timu ya shule isiyosajiliwa haipati. Asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tuseme kauzwa dola 200,000: fungu ni dola 10,000. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni dola 500, na wa 16 hadi 23 ni dola 1,000. Akiwa kwenu kuanzia 13 hadi 17, mnadai dola 3,500, na akiuzwa tena kwa ada nchi nyingine mnadai tena. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA inayosoma historia ya usajili wa mchezaji, na msimu ambao hamkumsajili hauonekani humo. Kwa hiyo anza na fomu za hao wa miaka 12 ulionao sasa.