Chemko Lisikukimbize

Kila baada ya miezi michache hunijia kijana, mara nyingi kutoka kwaya ya mtaani kwao, akitaka nimfundishe roli ndefu, yale mapigo ya haraka yanayofuatana bila kukatika, na namna ya kuzungusha kijiti hewani. Namkalisha kwenye dramu na kumwambia apige mdundo mmoja tu kwa dakika nne: kiki (ile kubwa ya mguu), snea (ile ndogo ya mbele yako), haihati (sahani mbili zinazofungwa kwa mguu), bila pambo lolote. Dakika ya pili mkono umeshaanza kukakamaa. Dakika ya tatu mdundo umeshahama pale ulipoanzia, na mwenyewe hajui. Masomo yetu huanzia hapo, na wewe unayesoma haya nakuanzishia hapohapo.

Nilijifunza dramu kanisani, Temeke, hapa Dar es Salaam, nikaingia bendi iliyokuwa ikipiga baa moja ya Sinza nikiwa na miaka 19. Wimbo wa dansi unaujua ulivyo. Mwanzo unatembea taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, halafu inafika ile sehemu wazee wanayoiita chemko, magitaa yanafunguka na watu wanaacha viti. Hapo damu ya mpiga dramu nayo inachemka. Wiki yangu ya tatu, mzee aliyekuwa akipiga gitaa la solo aliniita nyuma ya jukwaa.

“Mwanangu, mikono unayo. Ila tukiingia chemko unatuacha.”

“Samahani mzee, nilidhani ndiyo tunachangamsha.”

“Wachangamke wao walioko chini. Wewe tulia.”

Wimbo uliofuata niliurekodi kwa simu, na kesho yake nikaupima kwa metronomu, kile kifaa kinacholia mapigo yaliyo sawasawa. Tulianza kwa mapigo 104 kwa dakika tukamaliza kwa 121. Kwa 104, kati ya pigo na pigo kuna karibu sekunde 0.58. Kwa 121 inabaki kama 0.50. Yaani nilikuwa nimewanyang’anya wenzangu sehemu moja ya saba ya nafasi yao, na nafasi hiyo ndiyo mwimbaji anayovutia pumzi na mpiga solo anayobadilishia vidole. Mzee yule alikuwa amenisemesha kwa upole sana kuliko nilivyostahili.

Zipo nyimbo ambazo chemko huingia kwa kasi mpya. Hiyo ni sawa, bendi imekubaliana. Ubaya ni kasi kupanda bila mtu yeyote kuamua, na huko ndiko tunakoita kukimbia.

Sababu ya kwanza ya kukimbia iko mkononi. Mtu aliyekaza ngumi hawezi kusubiri, kwa sababu misuli inataka kumalizana na lile pigo. Shika kijiti karibu theluthi moja kutoka kitakoni, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na vidole vitatu vilivyobaki vikiguse tu. Kidondoshe juu ya snea ukiache kiruke. Ule mruko ni kazi ambayo ngozi ya dramu inakufanyia bure. Ukikibana kijiti unaikataa, halafu unailipia kwa kiwiko na bega. Malengelenge kidogo kwa anayeanza ni kawaida. Maumivu yanayopanda kutoka kiganjani kwenda kwenye mkono si kawaida. Ukiyasikia, weka vijiti chini siku hiyo, na kesho anza na namna ya kushika. Kuhusu unene, anza na 5A, kijiti cha unene wa wastani. Vijana wengi hununua vinene wakidhani vitawapa sauti, kumbe sauti inatokana na kimo cha kijiti kabla hakijashuka.

Sababu ya pili ni kiti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona wapiga dramu wazuri wakiharibikiwa kwa kitu hiki kimoja. Dramu nyingi za hapa mjini ni za kushirikiana. Kanisani ametangulia kaka mwenye futi sita, ukumbini kaka wa bendi iliyotoka, na wewe unakaa palepale alipokaa yeye. Usikubali. Omba dakika tano. Weka kiti kwanza, katikati ya nafasi tupu ukiweza, nyonga zako ziwe juu kidogo ya magoti. Kaa, funga macho, acha miguu itue inapopenda. Pale mguu wa kulia ulipotua ndipo pedali ya kiki inapokwenda, na pale wa kushoto ulipotua ndipo pa haihati. Snea inaingia kati ya magoti, ukingo wake ukiwa juu kidogo ya mapaja ili kijiti kisigonge paja. Tomu (dramu zile nyingine za kujazia) na simbali (sahani za chuma) zije mwisho, tena zikufuate wewe. Ukilazimika kuegemea mbele ili ufike kwenye krashi, ile simbali ya kishindo, utaifikia ukiwa umechelewa, na ukirudi utaharakisha kufidia. Dada zangu mnaopiga kwenye kwaya, nalisema hili kwenu kwa msisitizo, maana mara nyingi mnaambiwa hamna nguvu wakati tatizo ni kiti kilichofungwa kwa kimo cha mtu mwingine.

Sakafu za kumbi zetu nyingi ni vigae, na kiki huteleza mbele kila unapoikanyaga, mguu ukiifuata hadi umekaa kama anayesukuma gari. Njoo na kipande chako cha kapeti. Kama kapeti nayo inateleza, funga kamba kutoka miguu ya kiki hadi mguu wa kiti chako, uzito wako mwenyewe uishikilie. Nimepiga sherehe ya harusi saa nne nzima kwa kamba ya manila na kiki haikusogea.

Ukianza kununua vyako, usianze na seti nzima. Anza na pedali, kisha kiti, kisha snea, simbali baadaye. Pedali na snea vinaingia kwenye bajaji bila shida, na hivyo ndivyo vinavyofanya dramu ngeni ijisikie kama yako. Kariakoo utapata vipya na vilivyotumika. Kwa vilivyotumika, zungusha kila skrubu kwa mkono kabla hujatoa hela. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, na skrubu iliyoshika kutu ndani haionekani kwa macho. Zako zipake mafuta ya cherehani, tone moja moja, na simbali uzifute jasho kila unapomaliza.

Kupanga sauti kunawatisha wanaoanza bila sababu. Legeza skrubu zote, zikaze kwa vidole tu hadi ziguse, halafu chukua ufunguo uende robo mzunguko, kila mara ukirukia skrubu inayotazamana na uliyotoka. Ukifuata duara, ngozi itavutwa upande mmoja. Kisha gonga kwa ncha ya kijiti karibu na kila skrubu, sentimita tatu hivi kutoka ukingoni, usikilize kama zinafanana. Snea ikaze zaidi chini kuliko juu. Ndani ya kiki weka blanketi kuukuu liguse ngozi kidogo, usiijaze kama godoro. Babu zetu walianika ngoma za ngozi ya mbuzi motoni kwa sababu ngozi hunywa unyevu ikalegea. Hizi zetu ni za plastiki na hazinywi maji, kwa hiyo sauti ikiharibika usilaumu mvua za masika, angalia skrubu.

Sasa mazoezi. Najua unaishi chumba cha kupanga na majirani wamelala ukuta wa pili. Mimi niliishi hivyohivyo Mwananyamala. Kata mpira wa tairi kuukuu, ugandishe juu ya ubao, hiyo ndiyo pedi yako. Ukitaka kuimarisha kiganja, piga juu ya mto, maana mto haukupi mruko hata kidogo. Dakika arobaini kila siku zinajenga kuliko saa tano za Jumamosi, kwa kuwa mkono unajifunza kwa kurudiarudia na kulala.

Weka metronomu kwenye 60, iko bure kwenye simu. Piga mapigo manne kwa kila mlio, kulia kushoto kulia kushoto, dakika tano bila kusimama. Kisha mbilimbili: kulia kulia, kushoto kushoto. Kisha paradidoli: kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto. Chama cha wapiga ala za kugonga cha Marekani kina orodha ya mazoezi ya msingi 40, na utaikuta ukitafuta. Hayo matatu yatakutosha mwaka mzima ukiyapiga polepole kwa uaminifu. Ukiweza kwa 60, shuka hadi 50. Ndiyo, shuka. Vijana waliokulia kwenye singeli, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, miili yao inaona 50 ni adhabu, na kila nafasi tupu wanaiogopa. Kaa na hiyo nafasi. Hesabu kwa sauti, ugawe kila pigo: moja-na, mbili-na. Mdomo ukipotea, mkono umepotea muda mrefu.

Mazoezi hayo yakishakaa, fanya zoezi ambalo mimi sijaacha hadi leo. Iambie metronomu ilie pigo la pili na la nne tu. Baadaye ilie pigo moja katika manne. Mwisho ilie duru tatu, yaani mapigo manne mara tatu, inyamaze duru ya nne, na wewe uendelee. Mlio ukirudi utajua kama umekimbia au umebaki nyuma. Wengi hugundua kwamba mdundo wenyewe hauna tatizo, wanakimbia wanapojaza, zile tomu nne za kuingilia kiitikio. Basi jizoeze duru tatu za mdundo na moja ya kujaza, nusu saa, hadi mlango wa kutokea uwe mahali palepale ulipoingilia.

Usikilizaji nao ni mazoezi. Chukua nyimbo za Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, au za NUTA Jazz ya 1964 ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. Sikiliza wimbo mmoja mara tano: mara ya kwanza besi pekee, ya pili tumba (ngoma za kupigwa kwa viganja), ya tatu haihati. Utaona mpiga dramu anaacha nafasi kubwa kwa sababu tumba iko kazini. Kutoka Kinshasa sikiliza kavacha waliyoieneza Zaiko Langa Langa, mdundo wa kasi wa snea au haihati unaojirudia bila kuyumba, na hapo utaelewa kwamba kasi na kukimbia ni vitu viwili. Jukwaani kaa karibu na mpiga besi, umwone mkono. Usipomsikia, mwambie fundi mitambo kabla ya wimbo wa kwanza, kwa heshima, bila kungoja.

Masikio yako hayanunuliki Kariakoo. Wataalamu wa afya kazini huko Marekani wanakadiria kwamba sauti ya desibeli 85 inavumilika saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatika nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15, na krashi iliyo nusu mita kutoka sikioni inafika huko kirahisi. Pamba haitoshi kukukinga. Nunua vizibo vya masikio, hata vile vya sponji, uvivae mazoezini pia.

Kuhusu malipo nina moja tu: patana na nauli ya kurudi kabla hujapanda jukwaani. Harusi ikiisha saa saba usiku daladala hakuna, na bajaji ya peke yako na snea mapajani inaweza kula robo ya posho.

Nunua daftari dogo. Kila onyesho weka simu upande wa tumba, rekodi wimbo mmoja mzima, na kesho yake pima mapigo ya mwanzo na ya mwisho. Andika tarehe na hizo namba mbili, usiandike kingine. Ukiwa na kiongozi wa bendi mwelewa, muoneshe. Langu linaanza na 104 na 121. Ilinichukua miezi kumi na nne kuandika 104 na 106, kwenye harusi Mbagala, na yule mzee wa solo alipokuwa anafunga gitaa lake akanipa mkono bila kusema kitu.