Kadi ya afya ya Ontario na dawa: kadi yenyewe ndiyo iliyonipoteza

Mkuu, umeuliza kama mkishafika Ontario huku Kanada na kupata kadi ya afya, kadi hiyo italipa dawa za kisukari za shemeji na pampu ya pumu ya kijana wenu wa miaka tisa. Jibu la haraka: ya kijana ndiyo, za shemeji hapana. Na hiyo ya kijana inaweza kubadilika siku utakapopata kazi yenye bima. Najua inachekesha. Na mimi nilicheka, ila baada ya kulipa.

Sisi tulifika Hamilton Novemba 2021, tukiwa na ukaazi wa kudumu. Zamani mgeni Ontario alikuwa anasubiri miezi mitatu ndipo bima ya jimbo, OHIP, ianze kumhudumia. Kusubiri huko kuliondolewa Machi 2020, kwa hiyo kadi tukaiomba mara tu tulipofika. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mambo ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya Tanzania: unamwona daktari, unakwenda dirishani, unachukua dawa zako. Dirishani wakisema dawa imeisha, unapewa fomu ukachukulie duka la nje. Kichwani mwangu daktari na dawa vilikuwa safari moja.

Wiki ya tatu mwanangu akabanwa kifua usiku. Baridi ya kwanza ile, mtoto hajawahi kuvuta hewa ya namna hiyo tangu azaliwe. Asubuhi tukaenda kliniki ya kuingia bila miadi, daktari akamsikiliza, akaandika pampu mbili: ya bluu ya kufungua kifua na ya rangi ya chungwa ya kuzuia. Duka la dawa lilikuwa hapo hapo chini. Nikatoa kadi ya kijani, dada wa kaunta akaandika namba, akanipa mfuko. Nikauliza bei gani. Akasema hakuna. Nikatoka pale kifua mbele. Usiku ule nikampigia kaka yangu nikamwambia huku dawa ni bure, kadi tu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kadi haikulipa kwa kuwa ni kadi. Ililipa kwa kuwa mtoto ni mtoto. Ontario kuna mpango unaitwa OHIP+, ulianza Januari 2018, unaolipia dawa za kuandikiwa zilizo kwenye orodha ya serikali kwa kila mwenye OHIP ambaye hajafikisha miaka 25. Hujazi fomu, huombi, ndiyo maana hata hujui kuwapo kwake. Unaonyesha kadi basi.

Mwezi uliofuata vidonge vyangu vya presha nilivyokuja navyo vikaisha. Nikaenda duka lile lile, kwa dada yule yule, na kadi ile ile nikaiweka juu ya kaunta kama mtu anayeweka turufu mezani. Akaitazama, akanirudishia taratibu, akaniuliza: "Una bima ya dawa?" Nikamwambia si hiyo hapo. Akasema hiyo ni ya daktari.

Hapo ndipo penyewe, mkuu, na ukibakiza kitu kimoja kutoka maneno yangu yote, bakiza hiki: OHIP inamlipa daktari, inalipa vipimo, inalipa hospitali, na ukilazwa dawa unazopewa wodini hulipii. Ukishavuka mlango wa hospitali na karatasi mkononi, dawa ni juu yako, isipokuwa uwe kwenye kundi mojawapo. Chini ya miaka 25 bila bima binafsi ni kundi. Kuanzia miaka 65 ni kundi jingine, ambao wengi wao huchangia dola 100 za kwanza kwa mwaka, kisha mpaka dola 6.11 kwa kila dawa. Wenye kipato kidogo wanachangia chini ya hapo. Wanaopokea msaada wa jamii wa jimbo wako kundini. Wakimbizi wana mpango wao wa serikali kuu, IFHP, na ndugu zetu Wakongomani waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wengi wamepitia huo. Mtu mzima wa miaka 38 mwenye ajira au anayetafuta ajira, kama wewe na shemeji, hana kundi. Yeye ndiye anayeangukia katikati.

Basi nikalipa. Kwa miezi mitatu nikawa naenda kila mwezi nachukua vidonge thelathini. Siku moja akanihudumia mfamasia mwenyewe, mama mmoja wa Kieritrea, akaniuliza kwa nini nakuja kila mwezi. Nikamwambia si ndivyo daktari alivyoandika. Akageuza risiti, akaweka kalamu kwenye mstari mmoja. Vidonge vyenyewe vilikuwa dola nne na senti. Mstari wa chini yake, ada ya kutoa dawa, dola 12.99. Yaani nilikuwa nalipa zaidi ile kazi ya kuvihesabu na kuvitia kwenye kichupa kuliko vidonge. Akasema: mwambie daktari aandike vya miezi mitatu, utalipa ada hii mara moja. Halafu akainamisha sauti akaniambia kwamba ada hiyo si sawa kila duka, kila duka linajipangia, nipige simu niulize. Nikapiga simu maduka manne siku ile. Lililokuwa chini kabisa lilikuwa chini ya dola tano. Na maduka ya dawa yaliyo ndani ya Costco, yale maduka makubwa ya wanachama, hapa Ontario huhitaji uanachama wao kununua dawa ya kuandikiwa. Unamwambia wa mlangoni unakwenda famasi, anakupisha.

Sisi tumezoea kupatana bei ya samaki na kitenge, lakini mtu akiwa amevaa koti jeupe tunalipa kimya. Huku koti jeupe ndilo la kuuliza. Uliza kama kuna ya jenerika, yaani dawa ile ile isiyo na jina la kampuni, uliza ada, uliza kama daktari anaweza kukubadilishia kwa dawa iliyo kwenye orodha. Hawachukii. Na kuuliza ni bure kweli, tofauti na mengine.

Sasa kile kichekesho. Mwaka 2022 nikapata kazi ghala moja, na baada ya miezi mitatu ya majaribio bima ya kazini ikaanza: dawa asilimia 80, meno, miwani. Nikamwandikisha mke, nikamwandikisha mtoto, furaha tupu. Mwezi huo nikaenda kuchukua pampu ya chungwa. Dola kumi na moja na senti kadhaa. Nikasema mmekosea, huyu ni mtoto, huyu ni bure. Hawakukosea. OHIP+ ni ya walio chini ya 25 wasio na bima binafsi. Tangu Aprili 2019 ndivyo ilivyo. Mtoto akishaandikwa kwenye bima ya mzazi, anatoka huko, hata kama bima yenyewe hailipi dawa yake yote, au hailipi dawa hiyo kabisa. Nilimnunulia mwanangu bima, nikamwondoa kwenye bure.

Nilimfuata mtu wa rasilimali watu nikamuuliza kama naweza kumtoa mtoto. Kwa mkataba wetu haikuwezekana, kazi yako huenda ikawa tofauti, kwa hiyo uliza KABLA hujasaini fomu ya kuandikisha familia. Mwishowe nikapiga hesabu: meno ya mke na mtoto kwa mwaka ni pesa nyingi kuliko hizo asilimia 20 za pampu, nikanyamaza. Lakini ningekuwa na mtoto anayetumia dawa ya mamia ya dola, hesabu ingekaa vingine.

Watu hapa jukwaani wamekutajia Trillium kama jibu la kila kitu. Trillium Drug Program, mpango wa dawa wa jimbo, ni ya kweli na ni nzuri, ila ina mlango wake. Ni kwa wenye gharama kubwa za dawa ukilinganisha na kipato. Kwanza nyinyi kama kaya mnachangia karibu asilimia 4 ya kipato chenu halisi, kile cha mstari wa 23600 kwenye hesabu za kodi. Mwaka wao unaanza Agosti 1 mpaka Julai 31, na mchango umegawanywa robo nne. Chukua kaya ya dola 52,000: asilimia 4 ni dola 2,080, yaani 520 kila robo. Ukishazifikisha ndani ya robo, dawa zilizo kwenye orodha zinazobaki unalipa mpaka dola 2 kila moja. Sisi hatukuwahi kufikisha 520, wala hatukukaribia. Vidonge vya presha na pampu havifiki huko. Lakini kuna jamaa wa Mombasa tunaswali naye, ana ugonjwa wa viungo, sindano zake ni maelfu ya dola kwa mwaka na kazini hakuna bima. Kwake Trillium ndiyo iliyomuinua kitandani. Na ukiwa na bima ya kazini, bima hulipa kwanza, kile kinachobaki juu yako ndicho kinachohesabiwa. Kwa hiyo jazeni kodi kila mwaka hata kipato kikiwa kiduchu, maana huko ndiko wanakoangalia.

Kuhusu ile habari uliyoisikia kwamba Kanada dawa za kisukari sasa ni bure: serikali kuu ilipitisha sheria Oktoba 2024 ya kulipia dawa za kisukari na za uzazi wa mpango, lakini kila jimbo lazima lisaini mkataba wake. Manitoba na Prince Edward Island walisaini mapema 2025. Ontario haikuwa miongoni mwa hao wa mwanzo. Usije na hesabu ya bure kichwani. Na kama mtaishia Montréal badala ya huku, sahau karibu yote niliyoandika, maana huko ni jimbo la Quebec, na Quebec tangu 1997 kila mkaazi lazima awe na bima ya dawa, ya kazini au ya serikali yao.

La kufanya kabla ya ndege. Shemeji abebe dawa za siku 90, huo ndio ukomo wanaokuruhusu kwa matumizi binafsi, ndani ya maboksi yake yenyewe, si kwenye mfuko wa nailoni wa duka la dawa. Karatasi ya daktari wa Bongo duka la huku halitaitumia, itabidi daktari wa hapa aandike upya, lakini barua yake ni dhahabu. Aandike kwa Kiingereza jina la dawa lenyewe, siyo jina la kampuni lililo kwenye boksi, na dozi, na majibu ya sukari ya miezi mitatu ya mwisho. Mke wangu ana shangazi aliyefika na glibenclamide, vidonge vya kisukari. Kliniki nzima hawakuijua mpaka mfamasia mmoja akasema, aa, hiyo sisi tunaita glyburide. Nusu saa imepotea kwa sababu ya jina.

Halafu mkifika, msisubiri siku ya themanini na tisa. Daktari wa familia kumpata ni kazi, jiandikisheni mapema, na wakati mnasubiri kliniki ya bila miadi inatosha kuandikiwa. Mfamasia naye anaweza kuongezea dawa ya zamani mara nyingine bila kurudi kwa daktari, na tangu 2023 anaandika mwenyewe dawa za maradhi madogo madogo, macho mekundu, njia ya mkojo na mengineyo. Anakuandikia bure. Dawa unalipa.

Kama shemeji anatumia metformin peke yake, usiogope, hiyo jenerika yake ni rahisi, mkichukua ya miezi mitatu ada ndiyo itakayouma kuliko dawa. Kama ni insulini, au zile sindano mpya za wiki mara moja, tuongee tofauti, kwa sababu hapo na vijiti vya kupimia vinaingia kwenye hesabu na hapo ndipo ningekuambia ujaze fomu ya Trillium wiki ile ile mnayopata kadi. Hukusema ni kipi. Sema, na sema mnafikia mji gani.