Maswali na Majibu: Maria hakuruka mto

Swali: Dada yangu kahamia Sault Ste. Marie, Kanada. Kamusi ya Kifaransa inasema "saut" ni kuruka. Ni kweli Bikira Maria aliruka mto pale?

Jibu: Yaliyoruka ni maji. "Sault" ni tahajia ya kale ya "saut", kutoka Kilatini "saltus", na Wafaransa wa karne ya 17 waliita hivyo mahali mto unapokwenda mbio juu ya mawe. Mto St. Marys, unaotoka Ziwa Superior kwenda Huron, hushuka pale mita 6 na ushee. Maria aliongezwa na mapadri Wajesuiti. Kabla yao, Waojibwe, wenyeji wa asili, walipaita Bawating, yaani "kwenye maporomoko". Walivua katikati ya povu: mmoja nyuma ya mtumbwi na upondo, mwenzake mbele na wavu wa mpini mrefu. Barua zote nilizopata zinauliza jina la mgeni. La mwenyeji, hakuna.

Swali: Sault maana yake chumvi?

Jibu: Hapana. Tena? Wenyeji hulisoma "Suu". Hiyo "l" na "t" ni mapambo. Msibahatishe asili ya neno kwa kusikiliza linafanana na nini.

Swali: Kwa nini katarakti (maporomoko) ya kwanza ya Nile iko Aswan, Misri, na si Sudan, mto unakotokea? Na kwa nini ugonjwa wa mtoto wa jicho una jina hilohilo?

Jibu: Waliohesabu walikuwa wakipanda mto kutoka Misri, ndiyo maana ya sita iko Sabaloka, karibu na Khartoum. Neno ni la Kigiriki, la kitu kinachoshuka kwa kishindo. Katika Kilatini likawa pia lango la ngome linaloteremshwa, na huenda jicho lililozibwa lilipata jina humo. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, kwa hiyo acheni kununua matone ya mtaani.

Swali: Kiswahili hatuna neno letu?

Jibu: Maporomoko. Ila waandishi wetu wanalibebesha kila kitu, hadi udongo ulioangukia barabara, kisha msomaji hajui kama maji yanadondoka genge moja au yanakimbia ngazi kwa ngazi. Boyoma, juu ya mji wa Kisangani, Kongo, ni ngazi saba kwenye Mto Lualaba, zilizotapakaa karibu kilomita 100. Wagenia, wavuvi wa hapo, husimika magogo ndani ya mkondo na kuning'iniza migono mikubwa, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Halafu mtu wa Kongo ananiandikia jina la kikoloni la Boyoma, "Stanley Falls", mwaka huu! Kisangani yenyewe iliacha kuitwa Stanleyville mwaka 1966.