Boti ya mtumba Pangani: usiijaribie mtoni tu

Mkuu, umesema umeoneshwa boti ya faiba ya futi 16 yenye mashine ya nguvu farasi 40, ipo Pangani, na unataka kupanda nayo mtoni na familia na siku mojamoja kufika kisiwa cha Maziwe, huko baharini. Yangu ni ya ukubwa huohuo na niliinunua mtumba hapohapo, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Muuzaji atakupeleka kuijaribu mtoni, juu ya kivuko. Maji yametulia, minazi huku na huku; pale hata karai lingekwenda vizuri. Mwambie mtoke mpaka nje ya mlango wa mto, mkondo unapokutana na mawimbi ya bahari. Akianza visingizio na upepo haupo, umeshapata jibu. Boti ya tumbo bapa ni raha mtoni kwa sababu inapita penye maji haba, ila baharini itawapigapiga mpaka watoto walie. Kwa safari unazozitaka, tafuta yenye tumbo lililochongoka, hata kama inakula mafuta zaidi.

Kabla ya mashine, kagua ubao wa nyuma unaoibeba. Faiba huwa imefunika plaiwudi, na maji yakishaingia kupitia matundu ya bolti, mbao inaoza ndani kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza, kisha inua mashine uning'inie kidogo kwenye mguu wake: ubao ukicheza, achana nayo. Kuna moja niliyoikataa kabla ya hii yangu. Fundi alitoa skrubu moja tu, ikafuatiwa na maji ya kahawia yenye harufu ya mbao mbovu, na mwenye boti akaniambia eti ni mvua ya jana!

Mashine ikiwaka mara moja asubuhi isikuridhishe. Iache ipate moto, izime, subiri kidogo, uiwashe tena. Maji ya kupozea yaruke kwa nguvu bila kukatika. Yakidondoka, ama impela, yaani kipanga cha mpira kinachosukuma maji, imekwisha (tope na mchanga wa mto vinaila haraka) ama chumvi imeziba njia. Chungulia oili ya gia pia. Ikiwa nyeupe, sili zinaingiza maji. Na namba iliyo kwenye bamba la mashine ilingane na karatasi, maana mashine za wavuvi zinaibiwa sana. Usajili wa chombo ni TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, umalize kabla hujatoa hela yote.

Sasa Maziwe. Kile kisiwa ni fungu la mchanga, maji yakijaa sana hakibaki kitu cha kukanyaga, kwa hiyo safari inapangwa kwa maji, siyo kwa saa ya ukutani. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) huku kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Mimi hutoka mapema maji yakiwa yanapwa na upepo bado umelala, narudi mchana yakijaa. Mchana upepo umeshaamka, lakini unakwenda upande mmoja na mkondo, mlango unapitika. Ukichelewa hadi maji yaanze kupwa tena jioni, mkondo unatoka huku upepo unaingia, mawimbi yanasimama na kuvunjika palepale mlangoni. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ukivuma kweli mimi siendi kabisa, naishia mtoni. Na huko mtoni mikono ibaki ndani ya boti, mamba wapo. Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kuna kiingilio.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse. Mashine ya 40 ya kuchanganya oili ukiikamua hadi mwisho inakula lita 15 na zaidi kwa saa. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, upime kwa chupa yenye alama, usikisie.

Ukirudi, isukutue mashine kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila safari, hata kama giza limeingia na umechoka. Jaketi za kujiokolea za watoto nunua za saizi yao; za wakubwa zinawachomoka kichwani. Ukitaka, nitumie picha za ule ubao wa nyuma, za karibu, hasa kuzunguka bolti.