Weka gundi chini kwanza: TSR-2 yako ni ya siku gani?

Usiifunge hiyo milango! Umesema unajenga modeli ya plastiki ya TSR-2, ndege ya kivita ya Uingereza, kwa kipimo cha 1/72, milango ya magurudumu utaibandika ikiwa imefungwa ili modeli ikae juu ya stendi kama inaruka, na kwenye kibao utaandika "27 Septemba 1964", siku iliporuka mara ya kwanza. Kisha ukauliza gundi ipi, rangi nyeupe ipi, na mishono ya vipande ifichweje. Hayo yatasubiri. Nimepita njia hiyohiyo na bado inaniuma.

Siku ile rubani Roland Beamont na mwongoza njia wake Don Bowen walipoirusha XR219, TSR-2 ya kwanza, kutoka uwanja wa Boscombe Down, Uingereza, magurudumu hayakukunjwa kabisa. Yalibaki chini tangu kupaa hadi kutua. Januari 1965 walipojaribu kuyakunja yaligoma, na ni Februari ndipo yalipoingia tumboni sawasawa. Tumbo lililofungwa juu ya tarehe hiyo linaonyesha kitu ambacho hakikutokea.

Mimi sikulijua hilo. Nilibandika milango, nikajaza puti, nikapiga msasa mpaka kidole kikipita hakihisi kitu. Nikapulizia nyeupe tabaka saba, kila tabaka nikilipa siku mbili likauke, kwa kuwa nyeupe haisamehi hata unywele. Miezi mitano! Miguu ya magurudumu niliitupa pamoja na fremu tupu za plastiki. Siku ya maonyesho mzee mmoja akainama, akasoma kibao, akaniuliza kwa upole, "Magurudumu yako wapi?" Usiku uleule nikatafuta picha. Yalikuwamo yote, mawili kwa kila mguu wa nyuma, moja nyuma ya jingine, yananing'inia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi: nilichukua kisu nikajaribu kuifungua milango. Gundi ya plastiki haishiki juujuu, inayeyusha, vipande viwili vinakuwa kimoja. Ufa ukakimbia kutoka mlangoni hadi shina la bawa, na rangi ikabanduka nao. Ningebadilisha kibao nikaandika 22 Februari 1965, siku XR219 ilipoipita kasi ya sauti, modeli ingepona. Wazo hilo lilinijia tumbo likiwa limeshapasuka. Nilinunua kasha la pili, nikaanza upya.

Aliyeniponza ni fundi wa siku nyingi, mtu niliyemwamini. Alinishika bega akasema, "Ndege yenyewe ilifutwa, jenga utakavyo, nani atakukosoa?" Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa! Ndege iliyotengenezwa kwa mamia, ukikosea moja huenda ukaangukia kufanana na nyingine. Hii iliyoruka ni moja tu, mara 24 basi, ya mwisho 31 Machi 1965, na safari zake zinajulikana. Waliobaki wanaipenda wanazijua kama majina ya watoto wao. Nikimkumbuka fundi yule napandwa na hasira hata leo.

Kwa hiyo chagua ndege moja na siku moja kabla hujafungua chupa ya gundi. Wewe umeandika kwamba namba ya ubavuni utaiamua mwishoni. Hapana! Ukibandika XR220 kwenye stendi umeharibu tena, maana hiyo ilikuwa tayari kuruka siku ileile serikali ilipotangaza kuufuta mradi, 6 Aprili 1965, na haikuruka kamwe. Leo iko kwenye makumbusho ya Cosford. XR222 iko kwenye makumbusho ya Duxford, nayo haijawahi kwenda hewani. Ukizitaka hizo, ziweke chini, zisimame kwa magurudumu yake.

Kama moyo wako uko kwenye safari ya kwanza, basi XR219, milango wazi, miguu yote chini, hata ukiiweka juu ya stendi. Tafuta picha ya siku hiyohiyo uibandike ukutani mbele ya meza. Hiyo miguu iliyomo kwenye kasha lako, tafadhali, usiitupe. Mishono tutaizungumza ukishaniambia ni siku gani.