Notisi ya benki imekufikia? Msaada wa bure upo, mimi nilipigwa kwanza ndo nikaujua

Hii habari nimeiandika mara tatu nikaifuta, manake aibu jamani, mtu mzima una ndevu zako unaanza kusimulia watu jinsi nyumba yako ilivyotaka kupigwa mnada na benki. Ila wiki iliyopita jirani kanifata usiku na karatasi kaikunja mfukoni, anaongea kwa kunong'ona, nikajua hapa tuko wengi. Basi naiandika.

Nyumba yetu ipo Mikanjuni, hapa hapa Tanga. 2021 tulikuwa tumeshapaua lakini madirisha hakuna, sakafu hakuna, tukachukua mkopo wa kumalizia nyumba, milioni 28 kwa miaka 7, riba asilimia 16, rejesho 556,000 kila mwezi, hati ikaenda kulala benki. Nilikuwa nafanya kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mshahara unaingia, rejesho linakatwa, maisha yanaenda. Mwisho wa 2023 kampuni ikapunguza watu na mimi nikiwemo.

Kosa langu la kwanza ni kunyamaza. Mke wangu sikumwambia. Benki walipiga simu sikupokea, barua zikija nazificha chini ya godoro la chumba cha wageni, ati nikipata kazi ntalipa zote kwa mpigo. Miezi minne ikapita hivyo hivyo, ikaja barua nene kuliko zote, notisi ya siku 60. Hapo ndo nikaanza kuhangaika, na mtu anaehangaika ndo chakula cha matapeli.

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Ngamiani kuna jamaa nikaunganishwa nae, koti la suti na lile joto letu la mwezi wa pili unalijua, mkoba mkononi, anataja vifungu vya sheria kama anasoma khutba. Akaniambia kesi kama yangu ameshamaliza nyingi, nimpe 350,000 ya kufungua faili na barua zangu zote orijino, benki watakaa kimya. Nikauza simu nzuri, nikatumia ya batani. Nikampa. Wiki ya kwanza anapokea, ya pili anasema yupo Dar kwenye kikao, ya tatu namba haipatikani.

Mke wangu akaja kujua kwasababu alikuwa anatandika kitanda cha mgeni akakuta bahasha tupu. Sitaelezea usiku ule. Asubuhi akaniambia vaa, twende kwa mama mmoja yupo nae kikoba, ni msaidizi wa kisheria wa kata. Nikamuuliza shilingi ngapi? Akaniangalia tu.

Sasa hapa ndo nataka msome vizuri. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na hiyo sheria, wamesajiliwa, na hawaruhusiwi kukutoza hela. Hawasimami mahakamani badala yako, hiyo ni kazi ya wakili, lakini wanakusomea barua, wanakuelekeza, wanakuandikia, na ikibidi wanakupeleka kwa wakili anaetoa msaada bure. Ukitaka kuwajua waliopo kwako uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri. Kina mama wana TAWLA, wanasheria wanawake, wana ofisi hapa Tanga. Kuna na ile Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023, ilizunguka mikoa na mawakili, ikija tena kwenu usikae nyumbani. Na Wiki ya Sheria, mwishoni mwa mwezi wa kwanza kila mwaka, mahakama zinatoa elimu na ushauri bure, unakaa na mtu unamuuliza kitu ambacho nje ungekilipia.

Yule mama swali lake la kwanza halikuwa nadaiwa shilingi ngapi. Aliniuliza, "Mwanangu, hii notisi umeipokea tarehe ngapi?" Nikamwambia sikumbuki na orijino sina, zipo kwa yule wa koti. Akatikisa kichwa, akanituma benki kuomba nakala, nikaenda nikapewa siku ile ile, kumbe ni kuomba tu. Tukahesabu. Siku 60 zilikuwa zimebaki 19.

Akanifafanulia kwa lugha ya kawaida. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka benki ikupe notisi ya siku 60 inayosema umekosea wapi na unadaiwa kiasi gani, kabla ya kugusa nyumba. Zikiisha bado hawawezi kuja kesho yake na nyundo ya mnada, lazima tangazo la mnada likae siku 14 wazi. Na benki inatakiwa iuze kwa bei nzuri inayopatikana, nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi sheria inachukulia kwamba hawakutimiza wajibu wao na unaweza kwenda kuipinga hiyo mauzo. Alafu nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, akamgeukia mke wangu, wewe ulisaini? Akasema nilisaini. Basi hapo hatuna hoja, akasema, na msije mkadanganya, sahihi ipo.

Nilichompendea hakunipa matumaini ya uongo. Nikamuuliza tukaweke zuio mahakamani? Akasema zuio linaweza kusimamisha mnada kama benki wamekiuka utaratibu, lakini deni halifuti, riba inaendelea kupanda wakati nyie mnahudhuria tarehe, na benki kwenye kesi yenu hawajakosea kitu. Nendeni mkaongee. Mimi nilitaka kusikia kwamba benki ni wezi, nikaambiwa ukweli.

Tukaandika barua ya kuomba kupangiwa upya mkopo. Ukurasa mmoja tu. Nini kilitokea, barua ya kupunguzwa kazi tukaambatanisha, sa hivi kinaingia nini, tunaweza kulipa ngapi. Hiyo ya mwisho ndo kila kitu, usiandike "naomba mnifikirie", andika namba. Sisi tulihamia vyumba viwili vya uani na watoto, nyumba kubwa tukapangisha, mke wangu ana biashara ya mihogo na samaki wa kukaanga, mimi nikaanza kusimamia mizigo ya machungwa kutoka Muheza. Tukaandika 400,000.

Ofisa mikopo alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Akasema mngekuja ule mwezi wa kwanza mliokwama hata hii notisi isingetoka. Yani mtu niliekuwa nakimbia simu zake! Baada ya siku 12 jibu likaja: malimbikizo wameyaweka ndani ya deni, jumla milioni 23, miezi 3 ya mwanzo tunalipa riba tu kama 307,000, baadae 403,000 kwa miaka 9. Nikaomba nakala yenye muhuri kwamba mnada umesimama, omba na wewe, maneno ya mdomo usiyabebe. Na usidhani ni zawadi, ukijumlisha tutalipa zaidi ya milioni 10 kuliko tungeenda na mpango wa zamani. Lakini tunalala kwetu.

Kama benki yako haijibu au inakuzungusha, peleka malalamiko ya maandishi kwao kwanza uwe na nakala, wakishindwa ndo unaenda Benki Kuu (BoT), wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, kanuni za kumlinda mteja wa huduma za fedha zipo tangu 2019, na hawachaji. Tanga hakuna tawi la BoT ila siku hizi unawasilisha kwa mtandao, mfumo unaitwa Sema na BoT. Wakili akikujia na sifa nyingi, jina lake liangalie e-Wakili, mfumo wa mahakama wa mtandaoni wenye majina ya mawakili, kabla hujatoa hata mia. Yule wangu nilikuja kuliangalia baadae, hayupo.

Shemeji yangu yupo Marekani, nilipomsimulia akasema kule kuna washauri wa nyumba waliopitishwa na serikali, na huduma ya kumsaidia mtu asipokonywe nyumba ni bure, alafu kampuni inayokuahidi kukupunguzia mkopo hairuhusiwi kuchukua hela yako kabla hujapata na kukubali makubaliano ya maandishi kutoka kwa anaekudai. Kumbe hata kule wenye makoti wapo mpaka wakatungiwa kanuni.

Na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, kaa nayo mbali tafadhali. Kuna rafiki yangu alikopa kausha damu kulipa rejesho la benki la miezi miwili, sasa ana madeni mawili na friji limeshabebwa. Kama imefika pabaya kabisa bora uiombe benki uuze mwenyewe kwa mnunuzi wako, wao wakate chao, chenji irudi kwako. Mnadani watu wanakuja na bei ya kuotea. Na kama aliekopa amefariki, familia msianze kulipa kabla hamjauliza bima ya mkopo, mara nyingi ilikatwa tangu siku ya kwanza na hakuna aliewaambia.

Yule jamaa wa koti nilimuona juzi, kijiwe kile kile, kahawa mkononi na kashata. Nilitaka nipite, akaniita mwenyewe, "Vipi shekhe, ile nyumba?" Nikamwambia ipo. Akacheka akawageukia wenzake, "Si nilimwambia? Benki watakaa kimya."