Usiutume wimbo kituoni, mtumie mtangazaji

Bendi changa zinazoimba kwa lugha ya kwao huniuliza swali lile lile: tufanyeje ili tupigwe redioni? Niliwahi kuendesha kipindi cha usiku kwenye redio ya jamii, nyimbo zikimiminika kila wiki, na jibu langu siku hizi huanzia mbali. Wasikilizeni Datblygu.

Ilikuwa bendi ya Kiwelisi iliyoanza mwaka 1982 huko Aberteifi, mji mdogo wa magharibi mwa Wales ambao Waingereza huuita Cardigan. Waliianzisha David R. Edwards na T. Wyn Davies, kisha akaja Patricia Morgan. Muziki wao ni wa kizazi kilichofuata panki, ile roki ya fujo ya miaka ya 1970: ngoma za mashine, kinanda kikavu, gitaa linalokwaruza, na Edwards akilalama zaidi ya anavyoimba. Wasemaji wa Kiwelisi wakati huo walikuwa kama nusu milioni tu, naye akawageukia hao hao, hasa wasomi waliojitengenezea ulaji kwa jina la lugha. (Mimi ndipo aliponinasa. Kuwasema wa kwenu kunahitaji kifua.)

Aliyewafungulia mlango mpana alikuwa mtangazaji John Peel wa BBC Radio 1, stesheni ya Kiingereza, tena mtu asiyekijua Kiwelisi. Na hakuishia kupiga santuri zao, aliwaita warekodi. Utaratibu huo ulikuwa na historia yake. Kwa miaka mingi makubaliano ya BBC na kampuni za santuri yalibana saa za kupiga santuri hewani, kwa hiyo shirika likawa linawarekodi wanamuziki lenyewe. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 1988, lakini Peel hakuacha. Bendi iliingia studio za BBC za Maida Vale, London, na kwa siku moja ilimaliza nyimbo nne hivi, zikiwa zimeshachanganywa, ikiwa na mafundi wa BBC, na ikalipwa. Kwa watu wasio na fedha za studio, hiyo ni neema.

Sasa ninyi. Mchana vituo vingi hufuata orodha iliyopangwa na kikao. Usiku, mara nyingi mtangazaji huchagua mwenyewe. Mtafuteni huyo, msikilizeni wiki kadhaa, mjue anapenda nini, ndipo mmwandikie kwa jina lake. Tumeni wimbo mmoja. Semeni mnatoka wapi na mnaimba lugha gani, basi. Barua zilizojaa sifa nilikuwa naziweka chini kabisa. Na msibandike kiitikio cha Kiingereza ili kunirahisishia kazi. Kilisikika kama kiraka, na kilikuwa kiraka kweli.

Kingine ni mazoezi. Kama hamwezi kupiga nyimbo nne mfululizo bila kompyuta ya kuwasahihisha, bado msiombe nafasi ya studio.

Msitegemee pia kwamba kupigwa mara moja kutaleta fedha. Datblygu hawakutajirika. Matunda mengine yaliangukia wengine: mwaka 2000 bendi nyingine ya Wales, Super Furry Animals, iliurudia wimbo wa Datblygu, "Y Teimlad", kwenye albamu ya Kiwelisi mtupu iliyofika nafasi ya 11 kwenye chati ya albamu za Uingereza.

Wekeni akiba ya nyimbo mpya kabla hamjatuma ule wa kwanza. Peel aliwarekodi Datblygu mara tano kati ya 1987 na 1993, na mtangazaji akiwapenda, swali lake la pili litakuwa: mna nini kingine?